Maji ya kijani kwenye bwawa la majitaka

Wengi wakipita karibu na bwawa la majitaka, tuseme kule Vingunguti, Dar es Salaam, wakakuta maji ya kijani, huamini bwawa limeoza na halisafishi chochote. Inaeleweka: tangu utotoni tumefundishwa kwamba maji ya kijani ni maji mabaya.

Mara nyingi kijani kile ni mwani mdogo mno, chembe zake hazionekani kwa macho matupu. Mchana hutumia mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Bakteria huitumia oksijeni hiyo kumeng'enya uchafu. Mwani wenyewe hufyonza naitrojeni na fosforasi. Bwawa la kutilia shaka mara nyingi ni lile jeusi au la kijivu, linalonuka yai viza. (Tabaka zito linaloelea kama rangi iliyomwagika ni jambo jingine, usiliguse.)

Ila maji yakitoka pamoja na mwani wake, mwani ule huenda kuoza mtoni. Ndiyo maana baadhi ya mitambo midogo, ya shule au hoteli, huongeza chujio la utando lenye matundu ya mikromita 0.1 (sehemu moja ya elfu kumi ya milimita) au chini ya hapo. Mwani na bakteria hukwama. Chumvi iliyoyeyuka hupita. Kwa hiyo hata yakitoka meupe pe, bado si ya kunywa.

Ukitaka kuhakiki, pita adhuhuri na tena alfajiri, ulinganishe harufu, maana usiku mwani hautoi oksijeni. Kisha omba majibu ya maabara: vimelea vya kinyesi vimebaki vingapi, na uchafu uliosalia utahitaji oksijeni kiasi gani kuoza. Rangi pekee haijibu maswali hayo mawili.