Kwa nini meli kubwa za utalii hazitii nanga Santorini?

Meli ikifika tunasema imetia nanga. Ikiondoka, imeng'oa nanga. Nenda Santorini, kisiwa cha Ugiriki katika Bahari ya Aegean, uone misemo hiyo inavyokosa kazi. Meli zenye ghorofa kumi na zaidi hushinda pale kutwa, na nyingi hazijafungwa gatini wala hazijashusha nanga. Zinaelea tu. Injini zinanguruma chinichini, kompyuta inafuata setilaiti na kuisukuma meli kidogo huku, kidogo kule, isichukuliwe na upepo.

Sababu ni kina. Wengi hudhani nanga huishika meli kwa uzito wake, kumbe kazi kubwa hufanywa na mnyororo. Sehemu yake ndefu hulala juu ya sakafu ya bahari, nanga ikavutwa kwa ulalo na kujichimbia. Ndiyo maana mnyororo unaoshushwa huwa mrefu mara kadhaa kuliko kina cha maji. Katikati ya ghuba ya Santorini kina hicho kinakaribia mita 400. Piga hesabu mwenyewe: ungetaka chuma cha zaidi ya kilomita moja.

Na shimo lote hilo limetoka wapi? Ni kwamba meli imeingia ndani ya volkeno. Yapata miaka 3,600 iliyopita kisiwa kililipuka na kutapika mawe na majivu mengi mno, hata ardhi ya juu ikakosa cha kuishikilia chini yake, ikaporomoka. Bahari ikaingia. Shimo hilo, ambalo wanajiolojia huliita kaldera, lina urefu wa kama kilomita 12 na upana wa kilomita 7, na limezungukwa na majabali yanayofika mita 300 juu ya maji. Vile vitu vyeupe vilivyopangana kileleni, ambavyo ukiwa mbali ungesema ni theluji, ni nyumba za watu.

Basi abiria hushushwa kwa mashua hadi bandari ya zamani, chini kabisa ya mji wa Fira. Kutoka hapo kuna njia tatu za kupanda: vigari vya kuning'inia kwenye waya, ambavyo hufika juu kwa dakika chache, ngazi zinazokaribia 600 kwa miguu, au ngazi hizohizo mgongoni mwa punda. Tangu 2018 sheria ya Ugiriki inakataza kumbebesha punda zaidi ya kilo 100, au moja ya tano ya uzito wake mwenyewe. Mimi ningemwacha apumzike. Ukiamua kutembea, tazama unapokanyaga, maana punda hao wamepita kabla yako.

Kisiwa cheusi kilicho katikati ya ghuba ni Nea Kameni, volkeno mpya inayoota palepale ilipoanguka ile ya kale. Mara ya mwisho ililipuka mwaka 1950. Mashua zinafika, na kijia cha changarawe kinakupeleka hadi kwenye kreta, yaani mdomo wa volkeno, ambako mvuke wenye harufu ya mayai yaliyooza bado unafuka maweni. Kwenye kisiwa jirani, Palea Kameni, kuna maji ya uvuguvugu yenye rangi ya kutu. Usiogelee na nguo nyeupe, haitakuwa nyeupe tena.

Lakini ukiwa na saa sita tu, nenda Akrotiri. Ni mji uliofukiwa na mlipuko uleule, ukaanza kufukuliwa mwaka 1967 na mwanaakiolojia Spyridon Marinatos. Sasa umeezekwa paa, na unatembea juu ya vijia ukichungulia nyumba za ghorofa, mitungi mikubwa ya akiba, na mabomba ya maji machafu yaliyopita chini ya barabara. Mchoro maarufu wa nyani wa buluu uliotoka huko umo katika jumba la makumbusho la Fira. Mifupa ya watu haikuonekana mjini: inaelekea matetemeko yaliwaonya, wakaondoka mapema. Februari 2025 ardhi ilitetemeka tena mfululizo, na maelfu ya wakazi wakahama kwa muda. Safari hii volkeno haikulipuka.

Fukwe za mchanga mweusi za Kamari na Perissa ziko upande wa pili wa kisiwa. Kijiji cha Oia ndiko kwenye mapaa ya buluu ya kwenye picha, na watu ni wengi kupita kiasi. Tangu Julai 2025 kila abiria wa meli anayeshuka hapa msimu wa kilele hutozwa euro 20.

Jihadhari na alasiri. Abiria wa meli zote hutaka kushuka kwa wakati mmoja, na foleni ya vigari huzunguka vichochoro vya Fira. Ukichelewa mashua ya mwisho, meli haitakusubiri. Haina hata nanga ya kung'oa.