Mshubiri: Tunayoyaamini na Ukweli Wake

"Mshubiri haufi." Mmea huu (aloe) unakufa, na kinachouua zaidi ni maji ya kila jioni. Majani yake yamejaa maji tayari, hivyo mizizi ikikaa kwenye udongo mbichi muda wote huoza. Majani ya chini hulegea, mwenye mmea anadhani una kiu, anazidisha maji. Ung'oe, ukate mizizi iliyooza, uuache kivulini siku mbili tatu jeraha likauke, kisha uupande kwenye udongo wenye mchanga, chungu kiwe na matundu chini. Kabla ya kumwagilia, tia kidole: udongo uwe umekauka mpaka ndani.

"Hautoi maua." Hutoa, ukishakomaa na ukipata jua la kutosha. Aloe vera ina maua ya manjano. Spishi zetu nyingi za porini zina maua mekundu au ya rangi ya chungwa, na ndege aina ya chozi huyafuata.

"Mishubiri yote ni sawa." Hapa ndipo ninapoomba watu wasikilize. Kuna spishi zaidi ya 500, na baadhi zina sumu. Aloe ballyi, inayoota Kenya na Tanzania, ni mojawapo. Usichimbe wa porini usioujua. Omba kichipukizi kwa jirani anayeufahamu mmea wake.

"Jani lote ni dawa." Kata jani uone: kwanza unachuruzika utomvu wa manjano, ule mchungu ambao mama hupaka kwenye titi anapomwachisha mtoto ziwa. Huo huendesha tumbo kwa nguvu. Mwaka 2002 Marekani iliuondoa kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuwa wameleta ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Mjamzito asiunywe kabisa. Kinachopakwa kwenye ngozi iliyoungua kidogo ni ute angavu wa ndani. Lisimamishe jani, upande uliokatwa ukiwa chini, mpaka utomvu uishe, ndipo umenye. Aliyeungua vibaya apelekwe hospitali.

"Maji ya shubiri yanakinga kuku na kideri." Wafugaji wengi huyaweka kwenye chombo cha maji, na sioni ubaya wa kuheshimu maarifa ya wazee. Lakini kideri ni ugonjwa wa virusi, na kinga yake ni chanjo. Ile ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, kuku wakiwa bado wazima.