Gesi ya Mtungi na Gesi ya Bomba: Yanayosemwa Mombasa na Ukweli Wake

Bei ya mtungi ikipanda, kuanzia Kongowea hadi Likoni utasikia neno moja: “Ngojeni bomba la Tanzania lifike.” Ningependa sana liwe kweli, kwa sababu najua mwanamke anayechoma mahamri alfajiri anavyoumia bei ikipanda. Lakini neno hilo linachanganya gesi mbili, na kila moja ina soko lake.

Dhana: Gesi tunayopikia ndiyo ile inayochimbwa Mtwara.

Sivyo. Ndani ya mtungi wa kilo 6 au 13 mna propeni na buteni, gesi ambazo hugeuka kimiminika kwa kushindiliwa tu. Hiyo ndiyo LPG. Gesi ya Tanzania, ya Songo Songo na ya Mnazi Bay kule Mtwara, ni methani, na methani haigeuki kimiminika kwenye joto letu hata uishindilie vipi. Sharti ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ndipo ujazo wake upungue mara 600 hivi na ipakiwe kwenye meli maalumu kwa jina la LNG. Ndiyo maana haiji dukani kwa mtungi wa kilo 6.

Tofauti hii ni ya kujua hata jikoni. LPG ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutanda sakafuni na chini ya meza ya jiko. Kufungua dirisha la juu hakutoshi. Funga vali, fungua mlango wazi, na usiguse swichi ya taa. Methani yenyewe hupanda juu. Harufu kali unayoisikia hutiwa makusudi ili ikuonye.

Dhana: Bei hupangwa na mwenye duka.

Mwenye duka ana faida yake, ndiyo, lakini mwanzo wa bei uko mbali. Kila mwezi Saudi Aramco hutangaza bei ya propeni na buteni, na biashara ya LPG ya upande wetu huitazama bei hiyo. Juu yake huja nauli ya meli, thamani ya dola, gharama za kupakua na kuhifadhi, kisha kodi. Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ilirudishwa kwenye LPG, 2022 ikashushwa hadi 8, 2023 ikaondolewa. Waliorudi kwenye makaa katika kipindi kile hawakurudi kwa kupenda. Na kumbuka, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hupanga kila mwezi bei ya juu ya petroli, dizeli na mafuta taa, lakini si ya mtungi wa gesi.

Dhana: Bomba likifika, kila jiko litapata nafuu.

Mei 2021, Rais Samia alipozuru Nairobi, Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Makubaliano si bomba. Hata likijengwa, wateja wa kwanza watakuwa viwanda na mitambo ya umeme, maana kuifikisha methani nyumba kwa nyumba Majengo au Mji wa Kale kunataka kuchimbua kila kichochoro.

Na kwenye umeme tuwe macho. Asilimia 90 hivi ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini kama wa Olkaria, maji, upepo na jua. Mtambo wa LNG wa megawati 700 uliopangwa Dongo Kundu haukujengwa, na kwa maoni yangu tuliepuka mzigo: mikataba ya mitambo mikubwa mara nyingi hulipwa hata mtambo ukilala. Gesi kidogo ya kuondoa mafuta mazito kwenye mitambo ya umeme ya Kipevu ingekuwa na maana zaidi.

Dhana: Vita vya Ulaya havitugusi.

Agosti 2022, wakati wa vita vya Ukraine, bei ya gesi Ulaya ilipita yuro 300 kwa megawati-saa. Meli za LNG zikaelekea kwenye pesa, na Pakistan ikakosa shehena, umeme ukakatika. Nchi inayojifunga na LNG ya kuagiza hujiweka kwenye mnada huo.

Dhana: Sola imeshaiua gesi.

Bado. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilikadiria kuwa mahitaji ya gesi duniani yangefikia kilele kabla ya 2030, lakini kilele si mwisho. Qatar inapanua uwezo wake wa LNG kutoka tani milioni 77 kwa mwaka hadi 142. Msumbiji ilianza kusafirisha LNG Novemba 2022. Kasoro kubwa ni uvujaji: kwa miaka 20, methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi.

Kwa mpishi wa Mombasa, la kuangalia ni hili. Propeni na buteni nyingi hutoka ardhini pamoja na methani, kisha hutenganishwa kiwandani. Qatar na Marekani zikichimba zaidi ili kuuza LNG, LPG nayo huongezeka sokoni, na Marekani tayari ndiyo muuzaji mkubwa wa LPG nje ya nchi yake. Wingi huo unaweza kushusha bei ya mtungi wetu, mradi tuwe na pa kuupokea na waagizaji wengi wa kushindana. Gati jipya la mafuta la Kipevu, lililozinduliwa 2022, lina uwezo wa kupokea LPG. Matangi ya nchi kavu, yaliyo wazi kwa kila mwagizaji, ndiyo ya kuwadai viongozi wetu sasa.