Atarudi au hatarudi? Ninavyosikiliza filamu nikiwa nyumbani

Filamu mpya huwa naianzia jikoni. Nafungulia runinga sebuleni, naacha mlango wazi, kisha nakata sukuma au naosha sufuria huku nikisikiliza tu. Zikipita dakika ishirini na bado najua nani anaongea, yuko mahali gani na anataka nini, napangusa mikono naenda kukaa. Kazi yangu ni kuhariri sauti za filamu na vipindi vya runinga hapa Nairobi, ndiyo maana maoni yangu kuhusu filamu yoyote huanzia masikioni.

Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoelekezwa na David "Tosh" Gitonga, ilinitoa jikoni mapema sana. Mwas tunamkuta kijijini akiuza filamu, na anaziuza kwa mdomo: anaigiza mapigano, anabadilisha sauti, anawavuta watu. Hujamwona uso lakini umeshajua huyu ndoto yake ni uigizaji. Akifika mjini, Kiswahili, Sheng na Kikuyu vinapokezana, na namna mtu anavyoongea inakuonyesha anakotoka na anamwogopa nani. Sehemu za mazoezi ya tamthilia hazinishiki kama zile za mtaani, lakini filamu hii nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine yoyote ya Kenya.

Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyotoka 2016, inataka usiku. Inamhusu msichana anayejikuta nyikani bila kumbukumbu, akafika mahali wanapokaa watu waliokwisha kufa. Ni ya dakika 75 tu. Nilijaribu kuitazama alasiri moja, watoto wakicheza mpira kwenye ploti na jirani akichomelea mageti, nikaizima. Nilisubiri saa tano usiku matatu zikapungua barabarani, na hapo ndipo niliposikia jinsi watu wale wanavyonyamaza kabla ya kujibu. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, nayo ni ya kutazama na familia nzima, ingawa utalia. Kijiji kizima kinamtengenezea Jo, mtoto mgonjwa, filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Najua waigizaji watu wazima wanaoongea kwa bidii kuliko wanavyohisi. Jo hana tatizo hilo hata kidogo.

Na Vioja Mahakamani, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya KBC? Kwangu ile ni shule. Ondiek Nyuka Kwota akifungua mdomo, au Makokha, hakuna haja ya kugeuza shingo. Kila mmoja ana lafudhi yake, mwendo wake wa maneno na namna yake ya kumjibu hakimu. DJ Afro naye, anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, anajua jambo ambalo studio nyingi husahau: yeye akiongea, sauti ya filamu lazima ishuke.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mamangu alipokuja kunitembelea mwaka jana, tulikaa kutazama sehemu moja ya mfululizo ambao mimi mwenyewe nilihariri sauti yake. Mke anaulizwa kuhusu mumewe aliyeondoka. Anatazama chini, anajibu kwa neno moja, na hadithi yote inageuka hapo. Mama akanigeukia.

"Mwanangu, amesema atarudi au hatarudi?"

Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Nilijua mswada unasema "hatarudi", nilikuwa nimeusoma mara kumi, lakini kutoka kwenye runinga ile lilitoka "atarudi", wazi kabisa. Mama alikuwa ameielewa hadithi kinyume, na kosa halikuwa lake.

Tazama maneno hayo mawili yalivyo. Ukisema "watarudi" na "hawatarudi", tofauti ni silabi nzima. Ukisema "alirudi" na "hakurudi", hata kiambishi cha wakati kinabadilika. Lakini mtu mmoja, wakati ujao, kiambishi cha kukanusha na cha nafsi huungana, na kinachobaki kutenganisha ndiyo na hapana ni h peke yake. Nayo h ni pumzi tu, haina mlio wa koo. Irabu zina nguvu, zinapenya ukuta. H inafanana na upepo, feni, na ule mvumo wa magari usiokoma kando ya barabara kubwa.

Tulirekodi onyesho lile karibu na barabara, jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba. Niliomba lirudiwe pakiwa kimya, nikaambiwa muda umekwisha na kuna programu ya kuondoa kelele. Programu hiyo ipo, na naitumia kila siku. Inajifunza mvumo ulivyo, kisha inapunguza kila kinachofanana nao, na h inafanana nao. Ilipoondoa barabara, ikaondoa pia ukanushi wa mke yule. Mimi sikugundua kwa sababu nilijua anachotakiwa kusema, na sikio linalojua hujaza lenyewe. Linaniuma mpaka leo.

Kuna sababu nyingine zinazokufanya uulize "amesemaje?" hata kwenye filamu za bajeti kubwa. Ukumbi wa sinema hupimwa ili kila spika kuu itoe desibeli 85 katika kiwango cha marejeo, na mchanganyaji wa sauti hufanya kazi katika nguvu hiyo, mahali ambapo mnong'ono unasikika. Nyumbani hakuna anayefungulia hivyo, jirani wa juu atagonga. Kwa hiyo unashusha, mnong'ono unazama, kisha bunduki inalia na unarukia rimoti. Isitoshe, kwenye sauti ya njia sita, yaani sauti ya mzunguko inayogawanywa kwa spika kadhaa, maneno mengi hupitia spika ya katikati. Runinga yenye spika mbili lazima iyakunje maneno hayo kulia na kushoto, pamoja na muziki na milipuko, na nyingi za runinga hizi nyembamba spika zake zinatazama chini au ukutani.

Kabla hujanunua chochote, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga au ya programu unayotazamia, uchague stirio badala ya sauti ya mzunguko. Kama kuna sehemu inayokuza maneno, au ya usiku, iwashe. Halafu tazama chumba chenyewe. Nyumba zetu nyingi ni vigae chini na kuta tupu, na sauti inarukaruka humo hadi maneno yanavaana. Zulia na pazia zito vilibadilisha sebule yangu kuliko spika yoyote niliyowahi kuazima. Maandishi ya chini pia yawashe bila aibu, ila kwa filamu za Sheng yasome kwa tahadhari, maana mara nyingi hutafsiri neno na kuacha utani.

Kwa upande wangu, nimebadilisha namna ya kusoma mswada. Kabla ya siku ya kurekodi napitia kurasa zote na kalamu nyekundu, nikizungushia kila "hatakuja", "hatasema", "hataolewa". Onyesho likiisha namwomba mwigizaji abaki dakika mbili, namsogezea maikrofoni karibu, jenereta ikiwa imezimwa, anirudie sentensi hizo peke yake kwa hisia ileile. Mwelekezi huwa anatazama saa. Namwambia tunaanza na la kwanza, "hatakuja", na nainua mkono watu wote wanyamaze.