Besi ya umeme haiimbi kwa mninga

"Mninga au mpingo?" Ndivyo wanavyoniuliza wanaotaka kujitengenezea besi ya umeme, yaani gitaa la besi: bodi ichongwe kwa mti upi? Swali hili lingevumilika kama lingekuja mwishoni. Linakuja kabla mtu hajasema nyuzi zake zitakuwa na urefu gani, atazipata wapi, na pikapu (kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) atasuka mwenyewe au atanunua. Ukimjibu "mbao yoyote iliyokauka", anakuona mchoyo wa siri za ufundi. Basi siri yote naimwaga hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Imani yenyewe ni kwamba sauti ya besi ya umeme inakaa ndani ya mbao ya bodi: mbao ngumu sauti nzito, mbao laini sauti mbovu. Ilikotoka naelewa. Kwenye sanduku la kidumbak kule Unguja, lile boksi la chai lenye uzi mmoja, boksi ndilo linalosukuma hewa, kwa hiyo ukibadilisha boksi umebadilisha ala. Udi ni vivyo hivyo, na gitaa kavu vivyo hivyo. Lakini besi ya umeme ni gogo. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba wa kama milimita 0.06, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unatikisika na umeme kidogo unazaliwa kwenye koili. Pikapu haijui kama imekaa kwenye mninga au kwenye plaiwudi. Inajua chuma kinachotikisika mbele yake, basi. Funga nyuzi za nailoni kwenye bodi yako ya mpingo, chomeka kwenye amplifaya, kisha uniambie umesikia nini.

"Mbona nikigonga bodi nasikia kwenye spika?" Kwa sababu umetikisa nyuzi, na kwa sababu koili yako imelegea, waya zinacheza zenyewe juu ya sumaku. Ichovye kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka, nyuzijoto 65 hadi 70, hadi iache kutoa mapovu. Kelele hiyo ni ubovu wa koili, haihusiani na utamu wa mti.

Historia nayo haiko upande wenu. Fundi redio wa California, Leo Fender, alitoa besi ya Precision mwaka 1951 ikiwa na bodi ya mti wa ash. Baadaye kiwanda kikahamia mti wa alder kwa bodi nyingi, na watu wakaendelea kupiga. Mwaka 1958 Danelectro walitoa besi ya Longhorn kwa hadibodi, ile ile ya kuzibia migongo ya kabati, juu ya fremu ya mbao, na pikapu zao zilikaa ndani ya vikopo vya lipstiki. Ampeg walitoa ya plastiki inayoonyesha mpaka upande wa pili mwishoni mwa miaka ya 1960. Travis Bean akaja na shingo za alumini miaka ya 1970. Zote ni besi.

Sasa wale wa upande wa pili, wanaosema mbao haina maana hata chembe, nao wananiudhi. Mbao haiongezi sauti, ila inaweza kuipunguza. Nishati uliyoipa uzi kwa kidole inavuja kwenye ncha zake mbili: darajani (kile chuma kinachoshika nyuzi juu ya bodi), na kwenye freti (kitepe cha chuma cha shingoni) uliyobonyeza. Ncha ikicheza, uzi unazimika mapema. Bodi ya unene wa sentimita 4 haichezi kiasi cha kuhesabika. Shingo ya unene wa sentimita 2, inayoning'inia hewani zaidi ya nusu mita na funguo nzito za chuma za kukazia nyuzi kichwani, inacheza sana. Ukitaka kubishana kuhusu mbao, bishana kuhusu shingo, maana kwenye bodi unajadili rangi.

Ndiyo maana karibu kila besi ina noti mfu. Mara nyingi ipo kwenye uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, kati ya freti ya 5 na ya 7: unapiga, noti inatoka vizuri, kisha inakatika wakati jirani zake bado zinaimba. Shingo ina mtetemo wake wa asili, na noti ikiangukia hapo, shingo inakunywa nishati ya uzi. Bana klampu ndogo kichwani na noti mfu itahamia freti nyingine, kwa sababu umebadilisha uzito. Vitabu vinakwepa kusema kwamba hakuna fundi anayeweza kuangalia mbao na kukuambia noti mfu itaangukia wapi. Shingo mbili za ubao mmoja, vipimo vilevile, zinaweza kutofautiana. Tunachoweza ni kuifanya shingo iwe ngumu kadiri inavyowezekana na kuomba noti hiyo ikae mahali pasipotumika sana. Hapo mbao ina maana kweli, na hapo ndipo hakuna anayeniuliza.

Shingo ngumu haihitaji mti wa bei. Chukua vipande vitatu virefu vyenye nyuzinyuzi zilizonyooka bila fundo, geuza cha katikati ili mwelekeo wa nyuzinyuzi upingane na wenzake, gandisha kwa gundi ya mbao, na bana kwa klampu usiku kucha. Upana milimita 42 kwenye kizingiti cha juu (kile kijipande cha mfupa kinachopokea nyuzi zikitoka kwenye funguo), milimita 62 mwisho wa shingo. Unene 21 kwenye freti ya 1 na 23 kwenye freti ya 12, pamoja na ubao wa vidole (ule unaogandishwa juu ya shingo na kubeba freti). Ndani yake lazima iwe na rodi ya kurekebisha. Nyuzi nne zinavuta jumla ya kilo 70 hadi 80 saa 24 kila siku, na mbao tupu, hata iwe mpingo, mwishowe inakubali kupinda. Mfereji wa rodi uwe upana wa milimita 6 na kina cha 10. Ukizidisha kina, siku utakayochonga mgongo wa shingo utakutana na chuma.

Mbao ikauke. Usiulize muuzaji, atakuambia imekauka tangu enzi za babu yake. Pima kwa mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, imekauka kwa hewa ya hapo ulipo. Angalia maneno "hapo ulipo". Shingo iliyotengenezwa Dar es Salaam wakati wa masika ikihamia Dodoma, mbao inasinyaa lakini freti hazisinyai, na ncha zake zinachomoza pembeni zikikwaruza kiganja. Jiandae na tupa.

Nimalize la miti. Mpingo unazama majini. Bodi yake ya ukubwa wa kawaida, kama lita 5 za mbao, ingepita kilo 6 peke yake, na hujaweka shingo. Bega lako halijakukosea chochote. Zaidi ya hayo, mpingo ni mti mwembamba, ubao mpana usio na ufa ni shida kuupata. Utumie kwa ubao wa vidole wa milimita 6, hapo hauna mfano, ila kabla ya kugonga freti pitisha tupa ya pembe tatu kwenye midomo ya mifereji ya freti, la sivyo mpingo utabanduka vipande. Mninga unafaa bodi, kilo 3 na kitu. Mtiki una mafuta: futa kwa asetoni kabla ya gundi, na ugandishe papo hapo. Msonobari ni mwepesi na unafaa, lakini skrubu za daraja zitalegea. Dondoshea tundu supagluu nyepesi, ile inayokauka kwa sekunde, subiri, kisha ndiyo ukaze.

Urefu wa nyuzi ndio ulipaswa kuwa swali la kwanza. Kiwango ni milimita 864 kutoka kizingiti hadi darajani. Besi fupi ni 762. Kuna mtindo wa kuchukua gitaa la kawaida la 648 na kulifunga nyuzi za besi. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, wa .105 (unene wa inchi 0.105) kwenye 864 unavutwa na kama kilo 16.5. Kwenye 648, kwa noti ileile, zinabaki kama kilo 9. Uzi unalegea, unapiga freti zote na noti inapanda kila ukibonyeza kwa nguvu. Kwenye 762 unapata kama kilo 13, na hapo panapigika. Wenye vidole vifupi waanzie hapo bila aibu.

Freti: gawanya urefu kwa 17.817, unapata freti ya kwanza. Kinachobaki gawanya tena, na kuendelea. Kwa 864 ya kwanza ni 48.5, ya 5 ni 216.7, ya 7 ni 287.4, ya 12 ni 432 kamili. Vipimo vyote vichukuliwe kutoka kwenye kizingiti. Ukipima kutoka freti hadi freti, kosa la nusu milimita linazaa watoto. Na tafadhali, wanaogawanya kwa 18 "ili hesabu iwe rahisi": freti yenu ya 12 inaangukia 429. Milimita 3 nje, kisha mnalaumu mbao.

Waya wa breki ya baiskeli badala ya uzi wa besi umeulizwa pia. Wa milimita 1.5 una kama gramu 10 kwa mita. Uzi wa E una kama 32. Ukiukaza kuwa E unabaki na mvuto wa kilo 5, yaani kamba ya kuanikia nguo. Ukiukaza kuwa G unadai kilo 30 na shingo inaanza kulalamika. Lakini kwenye D unakaa kama kilo 17, na kwa kweli unapigika, ingawa misokoto yake inatafuna freti na vidole. Kwa hiyo una besi ya uzi mmoja. Okoa pesa kwenye bodi, nunua seti ya nyuzi.

Pikapu kaa nayo muda mrefu kabla ya kutoboa tundu. Kwenye Precision inakaa sentimita 13 hadi 15 kutoka darajani. Isogeze sentimita 3 kuelekea daraja, sauti inakuwa kavu yenye pua. Isogeze kuelekea shingo, inakuwa nene na yenye ukungu. Tofauti hiyo anaisikia hata anayeuza karanga nje ya ukumbi, wakati ya mninga na msonobari inabishaniwa na watu wanaojua tayari jibu. Ukisuka mwenyewe, mizunguko 7,000 hadi 10,000 ya waya wa 0.06, mita isome kilo-omu 7 hadi 11. Waya wa transfoma kubwa ni mnene, koili itajaa kabla hujafika mizunguko 2,000 na sauti itakuwa ya kunong'ona. Iache milimita 2 hadi 3 chini ya nyuzi zilizobonyezwa freti ya mwisho. Ikikaribia zaidi, sumaku inavuta uzi na noti inayumba kama imepigwa na besi mbili.

Umeme wa ndani ni mfupi: voliumu ya kilo-omu 250, toni ya 250, kapasita ya mikrofaradi 0.047, jeki. Waya wa athi kutoka darajani hadi mgongoni kwa voliumu usiusahau. Tandika tundu zima kwa karatasi ya shaba na uiunganishe na athi, ili kupunguza mvumo wa umeme wa ukutani. Ya alumini haishiki lehemu. Kwetu jambo hili ni zito, kwa sababu umeme wetu ni wa Hz 50 na G ya freti ya 3 kwenye uzi wa E ni Hz 49. Mvumo unakaa katikati ya noti zako na kupigana nazo, na fundi mitambo hawezi kuuondoa bila kuondoa besi.

Kuhusu kupiga: James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown huko Marekani, alipiga kwa kidole kimoja cha shahada, nyuzi bapa nene zilizochakaa, na sponji chini ya kifuniko cha daraja. Kata kipande cha sponji cha kuoshea vyombo, kiingize chini ya nyuzi karibu na daraja, na sauti itafupika na kuwa duara. Kwa benga kitoe, maana besi ya benga inajibizana na solo na inahitaji ncha kali. Piga karibu na daraja, kwa nguvu kidogo. Mkono wa kushoto uzime nyuzi usizopiga. Nyingi ya "sauti chafu" ninazotumiwa nisikilize ni uzi wa E uliosahaulika ukivuma peke yake.

Marekebisho ya mwisho, kwa mpangilio huu tu. Bonyeza uzi wa E freti ya 1 na ya mwisho, tazama pengo katikati: milimita 0.3 hadi 0.4. Likizidi, kaza rodi robo mzunguko, acha ilale, pima kesho. Kisha kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12: milimita 2.5 kwa E, 2 kwa G. Kisha daraja: linganisha noti iliyobonyezwa freti ya 12 na ile ya kugusa tu juu yake. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha tandiko (kile kijipande cha daraja kinachobeba uzi) nyuma. Ikiwa chini, lete mbele. E itaishia milimita 3 hadi 5 nyuma ya G, kwa hiyo usipigilie daraja kabla ya kuacha nafasi hiyo. Na fanya kwa nyuzi mpya: uzito wa uzi uliochakaa hauko sawa tena katika urefu wake wote, na utasogeza tandiko hadi skrubu iishe bila kuipata noti.