Pumwani ni ya nani?

Kila tukiitisha baraza pande za Majengo au Eastleigh, Nairobi, hakosi mama wa kusimama na kuuliza: kwani hospitali ya Pumwani ni ya serikali ipi? Huwa simjibu haraka, maana ndani ya swali hilo mna matatu: mwenye mali ni nani, anayeiendesha ni nani, na pesa zinapitia wapi.

Hospitali hiyo ya uzazi ilianza mwaka 1926 ikiitwa Lady Grigg, jina la mke wa gavana wa kikoloni, kisha ikawa ya baraza la jiji. Katiba ya 2010 iliiachia serikali ya kitaifa hospitali za rufaa za kitaifa, kama Kenyatta. Vituo vingine vya umma, Pumwani ikiwemo, vikaenda kwa kaunti. Na ardhi inayotumiwa na taasisi ya kaunti, kwa Ibara ya 62, kaunti imeishika kwa niaba ya wakazi. Si ya gavana.

Kwenye uendeshaji ndipo watu walipochanganyikiwa, wala siwalaumu. Februari 2020 gavana wa Nairobi wa wakati huo, Mike Sonko, alitia sahihi mkataba wa kuikabidhi serikali ya kitaifa baadhi ya kazi za kaunti, afya ikiwemo. Ikaja NMS (Nairobi Metropolitan Services), idara ya serikali ya kitaifa ya kuendesha kazi hizo, chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi, na wengi wakaamini Pumwani imenyakuliwa. Lakini Ibara ya 187 inasema kazi ikihamishwa, wajibu wa kikatiba haubanduki kwa serikali iliyopewa kazi hiyo tangu awali. Ukimwachia jirani funguo, hati ya kiwanja haitoki kabatini. NMS ilifunga kazi 2022.

Kuhusu pesa, siku hizi malipo ya kujifungua hupitia SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma. Sheria iliyopitishwa 2023 inataka mapato ya hospitali ya umma yabaki hospitalini, yawe nyongeza juu ya bajeti, si kisingizio cha kuipunguza. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote: bodi isiyojua kilichoingia mwezi uliopita haisimamii kitu, inakunywa chai tu.

Basi siku ukiwa wodini kwenye hospitali yoyote ya kaunti, uchungu umeanza, nawe unaambiwa umtume mtu akanunue glavu nje, usimpigie mbunge. Bajeti hiyo haikupita kwake. Ilipita kwa mwakilishi wadi wako. Mwambie akufungulie ukurasa wa hospitali hiyo kwenye bajeti. Ibara ya 35 inakupa haki ya kuuona.