Itifaki haiapdetiwi

Kuna kijana fundi wa kompyuta huku Kaloleni, mchapakazi na mwenye adabu zake. Juzi nimekaa dukani kwake nasubiri laptopu, akamwambia mteja: "Mama, itifaki ya baruapepe yako imezeeka. Nikuapdetie, elfu kumi tu." Mama akafungua pochi. Mimi nikameza mate. Neno hilo nimelisikia likiteswa hivyo mara nyingi mno mwaka huu.

Itifaki, kwenye kompyuta, ni makubaliano ya namna mashine mbili zinavyozungumza: nani aanze, aseme nini, ajibiwe vipi. Maana yake inaishia hapo.

Shida ni kwamba hapa Arusha neno lenyewe tumelizoea kwa sura nyingine. Mji wa mikutano huu. Kila mshereheshaji, awe ukumbi wa AICC au sendofu ya Njiro, akishika kipaza sauti anasema "itifaki imezingatiwa", na sote tunaelewa kwamba ametuepusha na robo saa ya kutaja waheshimiwa. Kwa hiyo itifaki imekuwa orodha ya wakubwa na viti vyao. Lakini asili yake ni Kiarabu, ittifaq, yaani kukubaliana. Nduguze wa damu tunao mdomoni kila siku: afiki, afikiana, muafaka. Hata jirani yako Taufiki ni wa ukoo huohuo. Ukilisikia neno itifaki ukakumbuka muafaka, nusu ya kazi umeimaliza.

Na muafaka hauapdetiwi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilisainiwa mjini hapa tarehe 20 Novemba 2009, ikaanza kutumika 1 Julai 2010. Ukitaka kuibadilisha, walioafikiana wakae tena. Hakuna kitufe cha kubonyeza.

Mwezi huohuo wa Novemba 2009 zilitoka nyaraka mbili ambazo hazikupigiwa ngoma popote, RFC 5536 na RFC 5537. RFC ni mfululizo wa nyaraka zenye namba ambamo itifaki za intaneti huandikwa. Hizi mbili zinahusu vikundi vya habari vya Usenet, mtandao wa watu kuandikiana na kujadiliana, uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis. Waraka zilioupokea kijiti, RFC 1036, ulikuwa wa Desemba 1987. Karibu miaka 22! Kwa nini muda wote huo? Kwa sababu Usenet haina makao makuu. Ujumbe unanakiliwa kutoka seva hadi seva, yaani kompyuta zinazouhifadhi na kuusambaza, na kila seva ina mwenyewe. Seva moja inaiambia nyingine kwa amri ya IHAVE: ninao ujumbe huu hapa. Nyingine inajibu 335, ulete, au 435, siuhitaji. Ukibisha hodi kwa programu yako ya kusomea, jibu la 200 ni karibu, soma na uandike. 201 ni karibu ukae, ila kuandika hapana. Sasa jaribu kubadilisha maana ya 201 peke yako ukiwa Kaloleni, uone nani atakuelewa.

Mazungumzo hayo ndiyo itifaki ya NNTP. Brian Kantor na Phil Lapsley waliiandika Februari 1986 katika RFC 977. Watu wakaitumia, wakaona imepungukiwa, wakajiongezea amri. Mojawapo ni XOVER, inayokuletea muhtasari wa ujumbe, yaani mwandishi, kichwa na tarehe, bila kuupakua wote. Hiyo X ya mbele ilikuwa alama kwamba jambo bado ni la majaribio. Mwaka 2000 RFC 2980 ikaorodhesha mazoea hayo ya mitaani. Oktoba 2006 ikaja RFC 3977 ya Clive Feather, na humo amri ikaitwa OVER tu, X imeanguka, kama mchumba aliyemaliziwa mahari. Angalia mpangilio huo: desturi ilitangulia, maandishi yakafuata.

Na RFC 977 yenyewe? Ipo vilevile, haijaguswa hata nukta. RFC ikishatoka haifutwi wala haihaririwi; unaandikwa waraka mpya wenye namba mpya, unaotamka kwamba ule wa zamani umestaafu. Hapo ndipo watu wanapopotea wakisema "RFC imebadilishwa".

Kosa jingine ni kudhani kila RFC ni sheria. Kirefu chake ni Ombi la Maoni. Steve Crocker, alipotoa ya kwanza Aprili 1969, alikuwa bado mwanafunzi na hakutaka kuonekana anaamrisha watu. Ipo RFC ya 1 Aprili 1990 inayoeleza jinsi ya kusafirisha data kwa njiwa. Mzaha mtupu, na namba imepewa, 1149. Hata zile ambazo ni viwango kweli, si viwango kama vya TBS, kwamba kuna mkaguzi atakuja kufunga duka. IETF, jumuiya inayoviandaa, haina askari. Seva isiyofuata makubaliano hukosa tu wa kuzungumza naye.

Turudi kwa yule mama. Kilichozeeka kwenye laptopu yake kilikuwa programu, na programu ndiyo iliyoapdetiwa. Elfu kumi yake haikupotea, kazi ilifanyika vizuri. Mama alipotoka nilimwambia fundi: mdogo wangu, mteja mwingine akija mwambie hivi, "programu yako haijajifunza makubaliano mapya, nikuwekee inayoyajua." Akacheka, akasema ni ndefu mno kwa bango. Basi, nikamwambia, andika "programu" uache itifaki kwa mshereheshaji.